Kufinyanga Sauti kwa Filta na Envelopu kwenye Sintesaiza: Mwongozo Kamili kwa Anayekwama

"Nimezungusha dikei ya filta mpaka mwisho, nimeirudisha mpaka sifuri, sauti ni ile ile. Je, sintesaiza yangu ni mbovu?"

Swali hili nimelisikia mara nyingi, kwa maneno tofauti, na karibu kila mara mashine huwa nzima. Kinachotokea ni kwamba filta (sehemu inayokata baadhi ya masafa ya sauti) iko wazi kabisa, halafu envelopu (sehemu inayoisogeza filta kwa muda kila unapobonyeza kitufe) inaamriwa kufungua dirisha ambalo tayari liko wazi. Au envelopu haijaunganishwa na filta. Au sasteni (kimo ambapo envelopu inatulia) imepandishwa mpaka juu, dikei (muda wa kushuka mpaka hapo) ikakosa mahali pa kushukia.

Yote matatu yana dawa moja: funga filta kwanza, kisha iache envelopu ifungue, na uguse kitu kimoja tu kwa wakati. Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake hata kama baadhi unazijua. Kila moja inayaandaa masikio kwa ile inayofuata.

## Utakachohitaji

- Sintesaiza yenye oseleta (sehemu inayotoa mlio wenyewe), filta, na envelopu mbili au zaidi. Iwe mashine au programu, haina tofauti hapa. Kama huna, Surge XT ni programu ya bure kabisa, na Vital ina toleo la bure. Zote mbili zinatosha kwa kila kitu kilichomo humu.
- Hedifoni au spika zinazotoa besi. Spika ndogo za kompyuta na za simu hazitoi vizuri noti ya 55 Hz. Utadhani filta imekula besi, kumbe ni spika.
- Kibodi. Hata vitufe vya kompyuta vinatosha mpaka hatua ya 7, ambapo kibodi inayohisi nguvu ya kidole inasaidia.
- Karatasi na kalamu. Usiiruke hii. Utaandika namba ulizoweka, kwa sababu sikio husahau haraka sauti iliyokuwepo dakika mbili zilizopita.

Majina ninayotumia ni yale yanayosemwa studio: *katofu* (mahali filta inapoanza kukata), *rezonansi*, na vipande vinne vya envelopu: *ataki*, *dikei*, *sasteni* na *rilisi*, ambavyo kwenye mashine huandikwa A, D, S, R.

## Hatua ya 1: Anza na sauti tupu

Usianze na sauti nzuri iliyotengenezwa na mtu mwingine. Ndani yake kuna miunganisho kumi usiyoiona, na kila nobu utakayogusa itakupa jibu lenye utata. Tafuta amri ya kuanzisha pachi mpya (pachi ni mpangilio mzima wa nobu za sauti moja), kisha hakikisha mambo haya:

1. Oseleta moja tu inalia, ikiwa kwenye wimbi la msumeno. Nyingine zimezimwa.
2. Mwangwi, korasi na madoido mengine yote yamezimwa. LFO (oseleta ya polepole inayosogeza nobu nyingine yenyewe) haijaunganishwa popote.
3. Filta imewashwa, ni ya kupitisha sauti za chini, katofu iko wazi mpaka mwisho, rezonansi sifuri.
4. Kiasi cha envelopu ya filta ni sifuri.
5. Envelopu ya ukubwa wa sauti: ataki sifuri, sasteni mpaka juu, rilisi karibu na sifuri.

Angalizo kwa wanaotumia Vital: filta huwa imezimwa unapoanza pachi mpya. Lazima uiwashe mwenyewe.

Kwa nini msumeno? Filta haiongezi kitu ambacho hakipo. Kazi yake ni kuondoa. Wimbi la msumeno lina hamoniki zote: ukipiga noti ya 110 Hz, ndani yake kuna 220, 330, 440, 550 na kuendelea. Wimbi la mraba lina zile za namba witiri tu: 110, 330, 550. Wimbi la sini lina moja peke yake. Jaribu: weka sini, kisha funga katofu polepole. Kwa muda mrefu hutasikia badiliko lolote, halafu ghafla sauti inaanza kufifia. Hapakuwa na cha kukata mpaka filta ilipofika kwenye sauti yenyewe. Rudisha msumeno.

Umefanikiwa ukisikia sauti kali, ya kuwasha kama nyuki ndani ya kopo, isiyobadilika hata kidogo tangu unapobonyeza mpaka unapoachia. Ikibadilika yenyewe, kuna kitu hujazima. Kitafute kabla ya kuendelea.

Ihifadhi pachi hii na uipe jina. Utairudia mara nyingi.

## Hatua ya 2: Zungusha katofu kwa mkono

Bonyeza A ya pili ukishuka kutoka C ya katikati. Hiyo ndiyo 110 Hz. Ishikilie, na kwa mkono mwingine funga katofu polepole sana, ukitumia kama sekunde kumi kutoka juu mpaka chini.

Kwanza ule ukali wa juu unaondoka. Kisha sauti inakuwa ya mviringo. Ikikaribia 110 Hz inabaki mlio mzito usio na makali, na ukishuka zaidi ya hapo inazimika kabisa.

Sasa fanya jambo ambalo naliamini kuliko mchoro wowote: tumia mdomo wako. Toa sauti moja kwa kimo kimoja na usiibadilishe, lakini pita polepole kwenye irabu: *u, o, a, e, i*. Koo lako ndilo oseleta, halijabadilisha noti. Kilichobadilika ni umbo la mdomo, na mdomo ni filta. *U* ni filta iliyofungwa, na kadiri unavyoelekea *i* ndivyo sauti za juu zinavyozidi kupenya. Mdomo ni filta tata zaidi ya hii yenye nobu moja, lakini ukishazoea kusikia hivyo, unaweza kuitazama sauti yoyote na kusema "hii inaanza kwenye *a* na kuishia kwenye *u*." Hiyo tayari ni nusu ya kazi ya envelopu.

Kuhusu mteremko. Filta haikati kama kisu. Inashusha polepole, na mteremko hupimwa kwa desibeli kwa kila oktavi (yaani kila masafa yanapozidishwa mara mbili). Zinazokutwa mara nyingi ni 12 na 24. Kwa mteremko wa 12, kila unapopanda oktavi moja juu ya katofu, kimo cha wimbi kinabaki kama robo. Kwa 24, kinabaki kama moja ya kumi na sita. Kwa hiyo 24 inafaa besi nzito na sauti zinazotakiwa kuziba kabisa, na 12 inaacha hewa kidogo juu, inafaa kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) na sauti za nyuma. Kama sintesaiza yako ina chaguo hili, anza na 24 ili usikie vizuri kinachotokea.

Filta ya kupitisha sauti za juu na ile ya kupitisha kati tu zifungulie dakika moja kila moja ujue zinavyosikika, kisha rudi kwenye hii ya kwanza. Kanuni za envelopu ni zile zile kwa zote.

## Hatua ya 3: Rezonansi, kwa tahadhari

Punguza sauti kwanza. Nasema kwa dhati, hasa kama umevaa hedifoni. Rezonansi inainua ukanda mwembamba wa masafa yaliyo kwenye katofu, na kwenye filta nyingi ukiipandisha mpaka juu filta inaanza kupiga mluzi yenyewe, hata oseleta ikiwa imezimwa. Mluzi huo unaweza kuumiza sikio na kuharibu spika ndogo.

Weka rezonansi kama theluthi mbili, shikilia ile noti ya 110 Hz, na uzungushe katofu polepole kupanda. Utasikia vijisauti vikiitana kimoja baada ya kingine: hizo ni hamoniki, kila moja ikiinuliwa filta inapopita juu yake. Ni mojawapo ya sauti zinazonifurahisha zaidi kwenye kazi hii yote, na pia ni somo: sasa unajua kwa sikio kwamba katofu ni mahali maalumu.

Baada ya hapo ishushe mpaka kama asilimia 20. Kwenye filta nyingi rezonansi ikipanda besi inapungua, kwa hiyo sauti iliyokuwa nene inageuka kuwa nyembamba na yenye pua. Anayeanza huongeza rezonansi kwa sababu inasisimua akiwa peke yake na kibodi. Ndani ya wimbo wenye vyombo vingine, rezonansi nyingi huchosha haraka.

## Hatua ya 4: Envelopu ya ukubwa wa sauti

Fungua katofu mpaka juu tena. Sasa tunashughulika na ukubwa wa sauti peke yake.

Envelopu ni safari inayoanza unapobonyeza kitufe. Ataki ni muda wa kupanda mpaka kileleni. Dikei ni muda wa kushuka kutoka kileleni. Sasteni ni kimo ambapo sauti inatulia ukiendelea kushikilia. Rilisi ni muda wa kuzimika baada ya kuachia.

Soma tena: mitatu ni muda, mmoja ni kimo. Wengi hudhani sasteni ni urefu wa noti. Urefu wa noti unaamuliwa na kidole chako. Sasteni inasema tu sauti itulie juu kiasi gani wakati kidole kiko pale. Kutokana na hilo kuna kanuni ya kuandika kwenye karatasi: sasteni ikiwa asilimia 100, dikei haina kazi. Hakuna pa kushuka. Ukizungusha dikei na husikii kitu, angalia sasteni kwanza.

Jaribu maumbo haya matatu kwa noti ile ile:

*Kinanda cha kanisa.* Ataki milisekunde 5, sasteni asilimia 100, rilisi milisekunde 30. Sauti iko au haipo, basi.

*Uzi uliokwanyuliwa.* Ataki 1, dikei 400, sasteni 0, rilisi 400. Ukishikilia sauti inakufa yenyewe. Ukiachia mapema inaendelea kufa kwa upole. Weka rilisi 10 uone tofauti: sasa ni kama mtu ameuzima uzi kwa kiganja.

*Pedi.* Ataki 800, dikei 1000, sasteni asilimia 70, rilisi 2000. Sauti inaingia kama pumzi.

Tahadhari mbili. Ataki ya sifuri kabisa inaweza kutoa mlio wa "tik" mwanzoni, hasa kwenye besi, kwa sababu wimbi linaruka kutoka kimya. Milisekunde 2 hadi 5 zinatosha kuufuta. Wakati mwingine "tik" hiyo ndiyo unayoitaka, kwa mfano kwenye sauti za kugonga, basi iache. Pili, ataki ndefu ukiipigia noti fupi, kidole kinaachia kabla sauti haijafika kileleni. Sauti itaonekana dhaifu, ingawa nobu ya sauti iko palepale.

Umefanikiwa ikiwa unaweza kuyapata maumbo haya matatu bila kuangalia namba, kwa kusikiliza tu.

Sasa rudisha umbo la kinanda cha kanisa. Hili ni muhimu sana kwa hatua inayofuata: ukubwa wa sauti ukiwa umetulia, kila utakachosikia kikibadilika kitakuwa ni filta peke yake.

## Hatua ya 5: Envelopu ya filta

Hapa ndipo watu hukwama, kwa hiyo twende taratibu.

Kuna mambo matatu yanayofanya kazi pamoja, na ukikosea moja mengine mawili hayasikiki:

- Katofu ni mahali pa kuanzia. Ichukulie kama sakafu.
- Kiasi cha envelopu ni umbali ambao filta itapanda kutoka sakafuni.
- Umbo la envelopu linasema filta itapanda na kushuka kwa mwendo gani.

Katofu inayosikika kila wakati ni sakafu pamoja na sehemu ya kiasi ambayo envelopu imefikia. Sakafu ikiwa tayari kwenye dari, kiasi hata kikiwa kikubwa namna gani hakina pa kwenda.

Tuweke namba. Shusha katofu mpaka 200 Hz. Weka kiasi cha oktavi 4. Sintesaiza nyingine huonyesha kwa nusu toni, ambapo oktavi 4 ni 48, na nyingine huonyesha asilimia tu, kwa hiyo tumia sikio. Kila oktavi inazidisha masafa mara mbili: 200, 400, 800, 1600, 3200. Kilele cha filta yako sasa ni 3200 Hz.

Weka ataki 0, dikei 600, sasteni 0, rilisi 100. Bonyeza na ushikilie. Sauti inaanza ikiwa wazi kisha inajifunga, kama mtu anayesema "yau" na kuumeza mwisho wake.

Sasa pandisha sasteni mpaka asilimia 25. Robo ya oktavi 4 ni oktavi 1, kwa hiyo filta itatulia 400 Hz badala ya 200. Asilimia 50 itatulia 800. Fanya hesabu hii mara chache kwa mkono, kwa sababu ndiyo inayokuwezesha kujua kabla ya kubonyeza. Baada ya hapo huzungushi nobu kwa kubahatisha tena.

Kisha jaribu ataki 400 na dikei ile ile. Sauti inafunguka polepole, "wuaa", halafu inarudi.

Ikiwa husikii kitu, pitia maswali haya kwa mpangilio huu:

1. Filta imewashwa, na oseleta inapita ndani yake?
2. Envelopu imeunganishwa na katofu? Kwenye Vital, envelopu ya 1 tayari inaendesha ukubwa wa sauti. Ya 2 lazima uikokote mwenyewe mpaka kwenye nobu ya katofu. Kwenye Surge XT, envelopu ya filta ina sehemu yake tayari, lakini kila filta ina slaidi yake ya kiasi. Hakikisha umesogeza ile ya filta inayotumika.
3. Kiasi kiko juu ya sifuri?
4. Katofu iko chini vya kutosha kuacha nafasi ya kupanda?
5. Sasteni si asilimia 100?

Swali la 4 ndilo linalokamata wengi, tena hata waliozoea. Sababu ni ya kibinadamu: katofu ikifungwa sauti inakuwa duni, na mkono unakimbilia kuifungua. Vumilia huo uduni. Envelopu ndiyo itakayoleta mwanga.

Kiasi cha hasi. Sintesaiza nyingi huruhusu kiasi kiwe chini ya sifuri. Hapo kila kitu kinageuka: envelopu inaifunga filta badala ya kuifungua, kwa hiyo sasa unahitaji katofu iliyo juu. Ukiacha katofu chini, sauti itatoweka na utadhani kebo imechomoka.

## Hatua ya 6: Zikutanishe envelopu mbili

Mpaka sasa ukubwa wa sauti ulikuwa umetulia. Sasa uruhusu nao usogee, na ujue jambo hili: inayomaliza mapema ndiyo inayoamua.

Ukubwa wa sauti ukizimika kwa milisekunde 200 huku dikei ya filta ni sekunde 2, utasikia mwanzo tu wa safari ya filta. Kinyume chake, filta ikijifunga mpaka chini ya noti yenyewe, sauti inakufa hata kama ukubwa wake bado uko juu. Hali hii ya pili huwachanganya watu, kwa sababu wanaongeza sasteni ya sauti na noti bado inakatika. Dawa ni kuinua katofu au sasteni ya filta.

Rilisi nazo zitazamwe pamoja. Pedi yenye rilisi ya sauti ya sekunde 2 na rilisi ya filta ya sifuri itatoa kasoro: unaachia, na mkia wa sauti unazibwa ghafla kama umefunikwa na mto. Mimi huanza na rilisi zote mbili zikiwa sawa, kisha naamua kama nataka mkia uwe na giza.

Umefanikiwa ukisikia kitu kimoja kinachosogea. Ukiweza kuzitenga safari mbili kwa sikio, moja ya ukubwa na moja ya mwanga, zikiwa zinapishana vibaya, bado kuna kazi.

## Hatua ya 7: Kibodi na nguvu ya kidole

Sauti yako inapendeza kwenye noti za chini, lakini ukipanda oktavi tatu inafifia. Sababu ni hesabu tu. Katofu ya 440 Hz inaipa noti ya 110 Hz hamoniki nne. Noti ya 880 Hz yenyewe tayari iko juu ya katofu, kwa hiyo hata sauti ya msingi inakatwa.

Tafuta nobu inayoifanya katofu ifuate kibodi. Kwa asilimia 100, katofu inapanda sambamba na noti, na kila noti inabaki na hamoniki zile zile. Kwa sauti za kupiga melodi anza na asilimia 50 na usikilize. Vyombo vingi vya kawaida havina mwanga ule ule kuanzia chini mpaka juu, ndiyo maana asilimia 100 wakati mwingine inasikika kama mashine.

Kuhusu nguvu ya kidole, iunganishe na kiasi cha envelopu ya filta kabla ya kuiunganisha na ukubwa wa sauti. Ukigonga ngoma, ukipuliza tarumbeta au hata ukipaza sauti yako kwa nguvu zaidi, kinachoongezeka ni kelele pamoja na ukali wa juu. Sintesaiza inayopandisha kelele peke yake inasikika kama mtu anachezea nobu ya redio.

## Hatua ya 8: Sauti tatu za mazoezi

Kila moja ianze kutoka kwenye pachi tupu uliyoihifadhi.

Besi inayopiga. Cheza karibu na 55 Hz. Msumeno, mteremko wa 24, katofu 120 Hz, kiasi oktavi 3, rezonansi asilimia 20. Envelopu ya filta: ataki 0, dikei 220, sasteni asilimia 15, rilisi 60. Ya sauti: ataki 2, dikei 300, sasteni asilimia 80, rilisi 60.

Filta inaruka mpaka 960 Hz na kutulia karibu na 165, yaani noti ikishikiliwa inabaki zaidi na hamoniki tatu za kwanza: nzito, haina kelele, inaacha nafasi kwa sauti ya mwimbaji. Ule mruko wa mwanzo ndio unaoifanya isikike hata kwenye spika ndogo.

Dikei hapa iendane na mwendo wa wimbo. Gawanya 60,000 kwa idadi ya mapigo kwa dakika, utapata milisekunde za pigo moja. Mapigo 120 ni 500, nusu yake 250, robo yake 125. Dikei fupi kidogo kuliko nafasi kati ya noti na noti inaifanya besi iruke. Ikizidi hapo, noti zinaanza kubebana na wimbo unakuwa mzito. Kabla hujabadilisha kitu kingine chochote kwenye besi, sogeza dikei hii. Mara nyingi inatosha.

Tarumbeta. Katofu 300, kiasi oktavi 3, rezonansi karibu sifuri. Filta: ataki 60, dikei 400, sasteni asilimia 70. Sauti: ataki 20, sasteni asilimia 90, rilisi 120. Siri iko kwenye ataki mbili: filta inachelewa kidogo nyuma ya sauti, kwa hiyo mwanga unawasili baada ya noti kuanza, kama inavyotokea pumzi inapoujaza mrija wa shaba. Ukizifanya zote 20, tarumbeta inageuka kinanda. Ukiweka filta 200, inageuka mtu anayesita.

Pedi. Oseleta mbili za msumeno zilizopishana senti 8 (senti ni sehemu moja ya mia ya nusu toni). Mteremko wa 12, katofu 400, kiasi oktavi 2. Filta: ataki 1500, dikei 2000, sasteni asilimia 60, rilisi 3000. Sauti: ataki 700, sasteni asilimia 90, rilisi 2500. Cheza kodi pana, usirundike noti chini. Ikionekana tope, rilisi ndiyo ya kupunguza kwanza, kwa sababu mkia wa kodi iliyopita unalia juu ya mpya.

## Kasoro zinazojirudia, na mahali pa kutazama

Noti ya kwanza inapiga vizuri, zinazofuata hazina mruko. Sintesaiza iko kwenye sauti moja kwa wakati na envelopu haianzi upya ukiunganisha noti. Ama achia kidole kabla ya kubonyeza nyingine, ama badilisha mpangilio ili envelopu ianze upya kila noti.

Sauti mpya inaonekana bora kuliko ya zamani kila mara. Huenda ni kubwa tu. Filta ikifunguka kelele nayo inaongezeka, na sikio hupenda kilicho na kelele zaidi. Sawazisha ukubwa wa sauti zote mbili kwanza, ndipo uamue.

Inapendeza ikiwa peke yake, inapotea ndani ya wimbo. Ongeza kiasi cha envelopu kidogo na ufupishe dikei, badala ya kupandisha katofu. Utapata mwanzo unaosikika bila kuijaza nafasi nzima ya juu.

Umejaribu kuiga sauti uliyoisikia na hufiki. Weka kando sintesaiza. Sikiliza sauti hiyo mara tatu, kila mara kwa swali moja: inaanza na kuzimika vipi? Mwanzoni ina irabu gani? Inatulia kwenye irabu gani? Andika majibu. Swali la kwanza linajaza envelopu ya sauti. La pili ni kilele, yaani katofu pamoja na kiasi. La tatu ni sasteni ya filta. Kisha pima kwa kidole muda wa kutoka irabu ya pili mpaka ya tatu, na hiyo ndiyo dikei yako ya kuanzia.